Kikokotoo cha Mtihani wa Hesabu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wanafunzi na Wazazi wa Nyanda za Juu Kusini

Nafundisha hesabu kidato cha tano na sita hapa Mbeya. Majina ya waliochaguliwa kwenda kidato cha tano yakishatoka, na tena wiki chache kabla ya mitihani ya Mei, maswali ya vikokotoo huanza kumiminika kutoka kwa wanafunzi na wazazi, wa hapa mjini na wa Iringa, Njombe na Vwawa pia. Nimeyakusanya hapa na kuyajibu jinsi ninavyoyajibu darasani.

Mwalimu, mwanangu yuko kidato cha nne. Nimnunulie kikokotoo gani kwa ajili ya mtihani wa hesabu?

Kwa mtihani wa Basic Mathematics, usimnunulie chochote. Maelekezo ya ukurasa wa kwanza wa karatasi hiyo yamekuwa wazi mwaka hadi mwaka: vikokotoo haviruhusiwi kuingia chumba cha mtihani, na kinachoruhusiwa ni kitabu cha majedwali ya hisabati cha Baraza la Mitihani. Mzazi anayejinyima ili anunue Casio ya bei kubwa akidhani inamwokoa mwanawe kwenye hesabu za kidato cha nne, fedha yake inakwenda pasipo faida.

Kuna tofauti ya kuzingatia. Karatasi ya Fizikia ya kidato hicho hicho imekuwa ikiruhusu kikokotoo kisichopokea programu. Kwa hiyo kama mtoto anasoma sayansi, kikokotoo cha kawaida cha kisayansi kitamfaa huko. Asikizoee tu hadi akasahau kuzidisha kwa mkono.

Mitaala imeanza kubadilishwa hatua kwa hatua tangu 2024. Fomati ya mtihani wa mwaka wa mwanao ndiyo yenye neno la mwisho, na hupatikana kwenye tovuti ya NECTA, yaani Baraza la Mitihani. Mwombe mwalimu wa taaluma akuonyeshe.

Basi bila kikokotoo ajiandae vipi?

Kwa kufungua kitabu cha majedwali kila wiki, tangu kidato cha tatu. Wengi hukishika kwa mara ya kwanza wiki ya mtihani wa ujirani mwema, wakati huo hata safu za tofauti zilizo upande wa kulia hawajui kazi yake.

Chukua 47.3 × 0.286. Logi ya 47.3 ni 1.6749. Logi ya 0.286 ni 0.4564 yenye tarakimu ya mbele 1 iliyowekewa mstari juu, maana yake hasi moja jumlisha 0.4564. Jumlisha sehemu za desimali: 0.6749 + 0.4564 = 1.1313. Jumlisha za mbele: 1 na hasi 1 ni sifuri, na ile 1 iliyobebwa inabaki. Jumla ni 1.1313. Tafuta antilogi ya 0.1313, utapata 1.353, sogeza desimali mara moja, jibu ni 13.53. Jibu kamili ni 13.5278, kwa hiyo jedwali limekupeleka mahali sahihi.

Mahali wanafunzi wanapoanguka ni ile hasi yenye mstari juu. Wanaichukulia namba nzima kuwa hasi, ikiwemo sehemu ya desimali, na jibu linaharibika kabisa. Ukimfundisha mtoto jambo moja tu kuhusu majedwali, mfundishe kwamba mstari unakaa juu ya tarakimu ya mbele peke yake, na kinachofuata nukta ni chanya siku zote.

Karatasi hiyo imekuwa na maswali 14 ya kujibu kwa saa tatu, yote ya lazima. Anayetafuta ukurasa wa sine kwa dakika mbili kila mara hawezi kumaliza.

Nani hasa analazimika kuwa na kikokotoo?

Mwanafunzi wa kidato cha tano na sita anayesoma hesabu ya aina yoyote. Wa PCM (Fizikia, Kemia, Hesabu) na EGM (Uchumi, Jiografia, Hesabu) wanafanya Advanced Mathematics. Wa PCB (Fizikia, Kemia, Biolojia), CBG (Kemia, Biolojia, Jiografia) na HGE (Historia, Jiografia, Uchumi) wengi hufanya Basic Applied Mathematics, yaani BAM. Karatasi zote hizo zimekuwa zikiruhusu kikokotoo kisichopokea programu. Tena, swali la kwanza la karatasi ya kwanza ya Advanced limekuwa kwa miaka mingi likimtaka mtahiniwa atumie kikokotoo kupata majibu, na la BAM vivyo hivyo. Karatasi ina maswali kumi ya alama kumi kila moja. Hizo ni alama kumi zinazopatikana kwa kujua vizuri kifaa ulichonacho mkononi, na inaniuma kila ninapoona mwanafunzi mwenye akili ya kufumbua maswali magumu akizipoteza.

Ninunue aina gani?

Ukisoma PCM au EGM, tafuta kinachofanya matriki, intigrali, milinganyo na takwimu. Casio fx-991MS inafanya hayo yote, na walimu wengi wanaijua, kwa hiyo ukikwama utapata wa kukuelekeza. fx-991ES PLUS inayafanya pia, na inaonyesha sehemu na vipeo kwenye kioo vile vile unavyoviandika kwenye daftari, jambo linalopunguza makosa ya mabano. Kwangu mimi, mwanafunzi anayeanza upya na mwenye uwezo wa kuchagua, achukue ES PLUS.

Kwa BAM, hata fx-82MS inafika mbali: ina takwimu, logi na trigonometria. Haina intigrali wala matriki, hivyo hizo utazifanya kwa mkono. Kama fedha ni ndogo, nunua hiyo mwezi wa kwanza wa kidato cha tano badala ya kusubiri fx-991 hadi kidato cha sita. Nimefundisha wenye vikokotoo vya kila aina, na anayefanya vizuri ni yule aliyekaa na chake miezi mingi hadi vidole vikazoea.

Mfululizo mpya wa CW, kama fx-991CW, umepangwa upya. Kitufe cha S⇔D, kinachogeuza jibu kuwa desimali, kimetoweka, mahali pake pana FORMAT, na mengi yamehamia ndani ya CATALOG. Ni kikokotoo kizuri. Tatizo ni kwamba maelezo ya wenzako na ya tuisheni yatakuwa ya vitufe vya zamani, nawe utabaki peke yako. Ukinunua hicho, hifadhi kitabu chake cha maelekezo.

Nitajuaje kama kinapokea programu?

Tafuta kitufe au modi iliyoandikwa PROG. Ikiwepo, kiache dukani. Casio nyingi za aina hiyo zina herufi P mwishoni mwa jina, kama fx-3650P na fx-5800P. Vyenye kioo kikubwa cha kuchora grafu navyo usivipeleke. Kitufe cha CALC au SOLVE hakikifanyi kikokotoo kuwa cha programu, usiogope.

Kaka yangu aliniachia fx-991MS yake ya zamani. Inafaa?

Inafaa sana. Hesabu hazijabadilika. Badilisha betri, bonyeza kila kitufe uone hakuna kinachogoma au kujirudia, kisha kiweke upya kwa SHIFT, MODE (CLR), 3, =. Kama mfuniko una maandishi ya fomula za kaka yako, yafute kabisa kwa spiriti. Kwenye chumba cha mtihani maandishi hayo ni yako, hata kama hukuyaandika wewe.

Naogopa feki. Nitakipimaje nikiwa dukani?

Iwe Mwanjelwa, Kabwe, Miyomboni au Makambako, usilipe kabla hujakipima. Muuzaji mwaminifu hatakukataza. Ukiwa kwenye nyuzi, yaani herufi D inaonekana juu ya kioo, fanya haya:

Andika sin 30. Lazima ije 0.5.

Andika −3² bila mabano. Kizuri kitasema −9. Andika (−3)², kitasema 9.

Kisha mtihani mrefu kidogo: sin 9, halafu cos ya jibu hilo, halafu tan ya jibu hilo. Sasa rudi nyuma: tan⁻¹, cos⁻¹, sin⁻¹, kila mara ukitumia Ans, kitufe kinachorudisha jibu la mwisho. Unapaswa kurudi kwenye 9, au karibu nayo mno hadi tofauti ionekane kwenye tarakimu za mwisho tu. Kikokotoo chenye ndani hafifu hukosea hapa waziwazi.

Funika kidirisha cha jua kwa kidole gumba. Aina za fx-991MS na fx-991ES PLUS zinatumia jua na betri kwa pamoja, kwa hiyo kioo hakipaswi kufifia. Kikizima, betri yake imekufa au haimo. Angalia pia maandishi ya vitufe: yakikwanguka kwa ukucha mbele ya muuzaji, yatafutika kabla ya Mei.

Wanaopangiwa shule zilizo mbali na mji, kama Malangali, wamalize kununua na kupima kabla ya kupanda gari. Kurudi mjini kubadilisha kifaa kibovu katikati ya muhula si jambo jepesi.

Huku Tukuyu na Makete ukungu ni mwingi. Kidirisha cha jua kitatosha?

Kidirisha hicho kinafanya kazi hata kwa mwanga wa darasani, ila asubuhi ya mawingu mazito na taa zimekatika, betri ndiyo inayobeba. Usinunue cha jua peke yake. Betri ya fx-991MS na fx-991ES PLUS ni LR44, kidonge kidogo ambacho mafundi saa huwa nacho. Ikiandikwa AG13 ni ile ile. Upande wenye alama ya kujumlisha uwe juu. fx-82MS hutumia betri ya kawaida ya AA au AAA, kutegemea toleo, unayoipata duka lolote la mtaani, na kwa aliye shule ya bweni mbali na mji hiyo ni faida kubwa.

Badilisha betri wiki mbili kabla ya mtihani, usingoje usiku wa kuamkia. Ukishabadilisha, weka kikokotoo upya na urudishe mipangilio yako. Dalili za betri kuchoka ni maandishi kufifia, au kifaa kuzima kikipewa kazi nzito kama intigrali.

Mimi na jirani yangu tumeandika kitu kile kile, majibu tofauti. Kwa nini?

Mara nyingi sana ni kipimo cha pembe. Hili ndilo linalovuna alama za watu kuliko mengine yote, kwa hiyo nitakaa nalo.

Vikokotoo hivi vina vipimo vitatu: nyuzi (D), radiani (R) na gradi (G). Sin 30 kwenye nyuzi ni 0.5. Kwenye radiani ni −0.988. Kwenye gradi ni 0.454. Hiyo ya tatu ni hatari kuliko ya pili, kwa sababu inakaribiana na 0.5 na haikushtui. Mwanafunzi akiona hasi atajiuliza, akiona 0.454 ataendelea na safari.

Kwa fx-991MS, bonyeza MODE mara nne, kisha 1 kwa nyuzi au 2 kwa radiani. Kwa fx-82MS, MODE mara mbili. Kwa fx-991ES PLUS, SHIFT kisha MODE, halafu 3 kwa nyuzi au 4 kwa radiani.

Lini utumie kipi? Pembe ikiandikwa na alama ya nyuzi, tumia nyuzi. Ikiwa na π, au ukifanya intigrali na utofautishaji wa sin, cos na tan, tumia radiani bila mjadala. Jaribu mwenyewe: intigrali ya sin x kutoka 0 hadi π/2 ni 1. Ukiifanya kifaa kikiwa kwenye nyuzi utapata takriban 0.0215, na hakuna kitakachokuonya.

Wafundishe vidole vyako tabia hii: kila swali lenye trigonometria, tazama juu ya kioo kabla ya kubonyeza chochote.

Sababu nyingine ya majibu kutofautiana ni mabano. Andika 6÷2(1+2): kikokotoo kimoja kitasema 1, kingine 9, kutegemea toleo. Usimwachie mtengenezaji aamue ulichokusudia. Weka mabano yako.

Swali linataka nafasi nne za desimali. Nikadirie wapi?

Mwishoni tu. Chukua kipeuo cha pili cha (e^1.2 + ln 7), ukigawanye kwa sin 40°. Ukiandika yote kwa mkupuo, jibu ni 3.570048, yaani 3.5700. Anayekadiria kila hatua kwa desimali mbili atakuwa na 3.32 + 1.95 = 5.27, kipeuo chake cha pili 2.30, gawanya kwa 0.64, apate 3.5938. Amejua kila kanuni, amefuata kila hatua, na jibu si sahihi hata kwenye desimali ya pili.

Basi tumia Ans, au hifadhi jibu la kati kwenye kumbukumbu kwa SHIFT STO A. Ukihitaji kuonyesha hatua kwenye karatasi, andika namba fupi kwenye karatasi, ila kifaa kiendelee na namba ndefu.

Angalia pia sifuri za mwisho. Kioo kikiwa kwenye Norm, yaani mpangilio wa kawaida, jibu lililo sawasawa na 3.57 huonyeshwa hivyo hivyo, bila sifuri. Ukiombwa desimali nne, andika 3.5700. Ukitaka kifaa kikusaidie, weka Fix 4, yaani desimali nne siku zote: kwa fx-991MS ni MODE mara tano, 1, kisha 4, kwa ES PLUS ni SHIFT MODE, 6, 4. Rudisha Norm ukimaliza swali hilo, maana swali linalofuata laweza kutaka tarakimu sita.

Kwenye ES PLUS ukiona jibu lina √ au π ndani yake, bonyeza S⇔D lije kwa desimali.

Wastani unatoka sawa, mkengeuko sanifu unakataa. Nakosea wapi?

Kuna mikengeuko miwili ndani ya kifaa. Mmoja unagawanya kwa n, mwingine kwa n − 1. Kwa data hizi: 2, 4, 4, 4, 5, 5, 7, 9, wastani ni 5. xσn ni 2 kamili, na xσn−1 ni 2.138. Tumia ule unaolingana na fomula uliyofundishwa. Kama fomula ya darasani inagawanya kwa jumla ya marudio, ni xσn. Ihifadhi data hiyo kichwani, ni nzuri kwa kupima kifaa chochote.

Kosa la pili ni data ya jana kubaki ndani. Kwenye MS, ukishaingia SD, yaani modi ya takwimu, futa kwanza: SHIFT, MODE, 1, =. Kisha ingiza kila namba na M+. Yenye marudio, andika namba, SHIFT na kitufe cha mkato kupata nukta-mkato, marudio, halafu M+. Kila ukibonyeza, kioo kinakuonyesha n. Mwishoni n isipolingana na jumla ya marudio kwenye jedwali lako, umeruka kitu. Wastani unapatikana kwa SHIFT 2, 1, =.

Ukibadili modi kwenye ES PLUS, data inafutika. Maliza kila kipengele cha swali kabla ya kutoka.

EXP ni nini?

Ni "mara kumi kipeo cha". 6.02 EXP 23 inatosha. Ukiandika 6.02 × 10 EXP 23 umeongeza kumi moja, na jibu lako la Fizikia au Kemia litakuwa kubwa mara kumi.

Nikipata jibu kwa kikokotoo, niandike jibu tu?

Kwenye swali linalokuagiza utumie kikokotoo, jibu ndilo linalotakiwa. Kwenye mengine, maelekezo yanadai kazi yote ionekane. Ukikokotoa mizizi ya mlinganyo kwa EQN, modi ya milinganyo, na kuandika jibu tupu, msahihishaji hana cha kukupa alama za njia. Fanya kwa mkono, kisha tumia kifaa kuhakiki. Hapo ndipo matriki ya fx-991 inapolipa: umetafuta kinyume cha matriki ya 3 × 3 kwa ukurasa mzima, nayo inakuambia kwa sekunde chache kama ulikosea alama mahali.

Naweza kutumia ya simu?

Hapana. Simu haiingii chumba cha mtihani kwa sababu yoyote, hata ikiwa imezimwa. Baraza hufuta matokeo ya wanaokutwa na udanganyifu, na miaka miwili ya kazi yako haifai kuwekwa rehani kwa kitu hicho. Hata nyumbani usijifunzie ya simu, kwa sababu vidole vyako vitazoea vitufe ambavyo hutavikuta mezani.

Asubuhi ya mtihani nifanye nini na kikokotoo?

Kiwashe kabla hujaingia. Kifute chote: MS ni SHIFT, MODE, 3, =; ES PLUS ni SHIFT, 9, 3, =, AC. Hii inarudisha nyuzi na Norm, na inafuta data za zamani. Pima sin 30. Pima ile data ya namba nane. Vua mfuniko, uhakikishe ni safi ndani na nje. Chukua na kitabu cha majedwali kama shule inakupa, na usitegemee kuazima kwa jirani, kwani kupitishana vitu chumbani kunaweza kukuingiza kwenye tuhuma usiyoistahili.

Kikizima katikati ya mtihani?

Kwanza bonyeza ON. Hivi vifaa hujizima vyenyewe baada ya dakika chache bila kuguswa, na ukiwa umezama kwenye swali la uthibitisho unaweza usitambue muda umepita. Kikiwaka, angalia tena herufi ya pembe juu ya kioo. Kikigoma kabisa, nyoosha mkono umweleze msimamizi, usizungumze na mwenzako. Halafu acha swali la kwanza, nenda kwenye yasiyohitaji desimali nyingi: seti, mantiki, uthibitisho, intigrali zisizo na mipaka. Kwa yaliyobaki, fungua majedwali. Logi, antilogi, sine na vipeuo vya pili vyote vimo humo, na msahihishaji bado anatoa alama za njia.